Gumegume

Aliileta imeviringishwa kanga mbili na kamba ya katani,
juu yake karatasi ya polisi, muhuri umelowa ukungu:
silaha ya kale, mtutu umezibwa, haipigi.
"Haipigi," akasema Bi Nantanga,
"lakini isionekane maiti."

Mimi nilianza na cherehani.
Sare za shule, Newala nzima, zilipita kwenye springi zangu.
Skrubu ni skrubu,
na kutu haichagui: sindano, bunduki, bawaba ya msikiti.

Siku ya kwanza sikugusa chombo.
Niliitazama tu, unavyomtazama mgeni akinawa mikono.
Siku ya pili mafuta ya taa, tone kwa tone,
kisha kungoja.
Ukiilazimisha skrubu ya miaka mia
utaondoka na kichwa chake, mwili ubaki ndani.

Mkumbwa, mwanafunzi wangu, alitaka msasa.
Nikamwambia msasa hauna adabu:
utakula kutu, utakula chuma,
utakula na alama ya mhunzi aliyeifua.
Tukasugua kwa majivu na pamba,
upana wa kidole kwa asubuhi moja,
hadi wekundu ukatulia ukawa kahawia,
rangi ya korosho iliyokaangwa na mtu asiye na haraka.

Kitako ni mninga. Kiliwahi kupasuka,
na fundi mwingine, simjui, hata kabila lake,
alikizungushia waya wa shaba mizunguko kumi na mmoja,
ncha akaizamisha kwenye mti
isije ikamkwaruza mtu shavu.
Nilimwamkia kimoyomoyo.
Waya wake sikuutoa.

Jioni Bi Nantanga alikuja kukagua, na kusimulia:
babu wa babu yake, njia ya Kitangari,
simba watatu wala watu,
wa kwanza kwa risasi, wa pili kwa risasi,
wa tatu alikufa kwa kuusikia mlio tu.
Mkumbwa alicheka mpaka akadondosha kitambaa.

Siku ya tisa nikafungua mtambo.
Jamani.
Gumegume likigonga bamba huacha alama,
kila cheche na ukucha wake.
Hapa hapakuwa na ukucha hata mmoja.
Bamba lilikuwa laini kama siku lilipotoka kiwandani,
tundu la moto halijawahi kuungua.
Bunduki hii haijasema neno tangu izaliwe.
Mkumbwa aliona. Nikamkanyaga mguu.

Ila chini ya kitako, pale inapokaa begani,
mti ulikuwa umebonyea, umebonyea tena,
na kwenye nyufa, chini ya lenzi ya fundi saa,
unga mgumu wa rangi ya meno.
Nikalamba ncha ya kidole.
Makopa. Muhogo mkavu.

Nilikuwa nimeshachanganya gundi na vumbi la mninga.
Ningeyajaza mabonyeo yale usijue palikuwa wapi.
Nikauliza tu: "Kitako nikisawazishe?"
Alichelewa kujibu.
Nje lilipita lori la salfa, likatuachia vumbi la njano mlangoni.
"Simba mimi sikuwaona," akasema.
"Nilimwona mama. Mwaka ule mchi tulikuwa tumeshauuza.
Aliigeuza kichwa chini, akatwanga usiku,
tukala.
Kitako usikiguse."

Taya za nyundo zilikuwa tupu,
na karatasi ya polisi inakataza jiwe.
Mkumbwa akachonga jino la mpingo,
dogo kama kucha ya kidole gumba, jeusi, lisilojua cheche.
Nikapaka nta kutoka Liwale, mara tatu,
kwa kiganja, maana kiganja kina joto lake.

Siku ya kuichukua walikuja na gari.
Mjukuu akaikumbatia begani, jicho moja limefumbwa, picha ikapigwa.
Bi Nantanga akamnyang'anya.
Akaishika katikati, kwa mikono miwili, kitako chini,
akaipima uzito, akaiinua kidogo,
akaishusha taratibu sakafuni pangu. Tu.

Sebuleni kwao sasa ipo ukutani, na kibao chini yake:
ALIUA SIMBA WATATU.
Kibao hicho walilipia mbele ya mjukuu, fedha taslimu.
Herufi nilizichonga mimi.